Wastani huo ni wa nani?

Mwandishi, jedwali lako la wastani wa vipato wasomaji tulisome kwa tahadhari. Mimi niko Bagara, Babati. Mkoa wetu wa Manyara ndio wenye Mirerani, ambako mwaka 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuza mawe ya tanzanite kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Changanya kipato chake na cha apolo, yaani mchimbaji anayeshuka shimoni bila mshahara, akisubiri mgawo siku jiwe likitoka. Wastani utapendeza, lakini apolo hatashiba.

Kima cha chini cha mshahara nacho kina mambo yake. Amri iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 592,000 kwa mwezi kwenye taasisi za fedha na 140,000 kwenye kilimo. Tena hiyo ni kwa mwenye ajira. Huku kibarua wa shamba hulipwa kwa ngwe: wakati wa palizi ya mahindi anapata, mbaazi zikivunwa anapata, katikati ya hapo anakopa dukani. Dereva wa bodaboda naye hupeleka kwanza hesabu kwa tajiri. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chake. Hao umewaweka safu gani?

Wenzetu Kenya huangalia pia eneo: kima cha Nairobi si cha kijijini. Sisi Tanzania Bara tunaangalia sekta tu.

Ombi langu: siku nyingine tuwekee kipato cha mtu wa katikati, na kando yake kodi ya chumba na bei ya debe la mahindi. Hapo ndipo tutailinganisha Babati na Dar es Salaam kwa haki.