Kusahau si Dharau

Pahala pengi Unguja na Pemba, ndoa inapofikishwa mbele ya wazee, mashitaka huwa ni yale yale. Mume haambiliki. Mke hana akili ya nyumba. Fedha za karo zimekwenda katika jambo lisilojulikana. Chungu kimeungua jikoni mara ya tatu. Mtoto amesubiri nje ya chuo mpaka magharibi kwa kuwa aliyeahidi kumchukua alipitiwa. Wazee husikiliza, hutikisa vichwa, kisha hutoa hukumu iliyokwisha kukatwa kabla hawajaketi: huyu ana dharau, na yule avumilie.

Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini isipokuwa ya haki, huvunja nyumba ambayo ingeweza kusimama. Wapo watu wazima ambao kusahau kwao hakutokani na dharau wala uvivu, bali na hali ya ubongo waliyokua nayo tangu utotoni. Matabibu huiita kwa kifupi ADHD: upungufu wa umakini, unaoambatana kwa baadhi yao na pupa na kutotulia. Kiswahili kina maneno tele ya kumkebehi mtu wa namna hiyo: mzembe, mtepetevu, mapepe, kichwa maji. Neno la kumweleza bila ya kumtukana bado halijazoeleka, na palipokosekana jina, tusi ndilo hushika nafasi yake.

Watasema wasemao kuwa haya ni maradhi ya Kizungu yaliyozuka pamoja na simu za mkononi. Tabibu wa Scotland, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kuzituliza fikra zao mwaka 1798. George Still aliwahutubia madaktari wa London juu ya watoto wenye dalili zinazofanana na hizi mwaka 1902. Dawa ya methilifenideti, inayotumika hadi leo, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina lake la biashara, Ritalin, linatokana na jina la mkewe, Rita. Simu ya mkononi ilikuwa wapi siku hizo? Na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha nchi 20, tajiri na maskini, uliikuta hali hii kwa takriban watu wazima 3 katika kila 100.

Wengine hukubali kuwa hali hiyo ipo, ila hudai kuwa ni ya watoto. Wengi hawaachani nayo wakikua. Hubadilika sura tu. Mtoto aliyekuwa akiruka madawati huwa mtu mzima asiyetulia moyoni, anayeanza kazi kumi asimalize hata moja, anayemkata mwenziwe maneno, anayenunua leo na kujuta kesho. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliweka vipimo vya watu wazima waziwazi, kwa sharti kwamba baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12.

Jambo linalomponza mtu huyu zaidi ni kwamba umakini anao, ila haumtii. Atakesha akitengeneza redio mbovu asihisi njaa, na asubuhi atasahau kulipa umeme. Mwenziwe akiona hivyo hukata shauri: angetaka, angeweza. Tena siku za uchumba alikuwa hakosi kupiga simu! Upya wa mapenzi ulimshika kama redio ilivyomshika; upya ulipopungua, umakini ukaondoka, na mke akahisi kadanganywa. Hapo ndipo ndoa hupinda. Mmoja huwa mzazi, mwengine huwa mtoto. Mzazi hukumbusha, hukagua, hufoka. Mtoto huficha makosa na kusema uwongo mdogo mdogo. Na nani awezaye kuendelea kumtamani mtu anayemlea?

Dhulma hii haigawanywi sawa. Mume anayesahau hutaniwa barazani, na nyumba husimama juu ya mgongo wa mkewe. Mke anayesahau huambiwa hakufundwa, na hurejeshwa kwao. Wasichana wengi wenye hali hii hawaruki madawati. Huketi kimya wakiwa mbali kwa fikra, kwa hivyo hakuna anayewashuku. Wengine hugundulika ukubwani tu, pale mtoto wao anapopimwa na daktari akaanza kumtazama mama.

Kumwambia aliyechoka kuwa mvumilivu hula mbivu hakumsaidii. Subira isiyojua inachosubiri huwa ni chuki inayoiva taratibu. Wala jina la maradhi si hati ya kufuta deni. Mume aliyesahau matumizi ya watoto bado anadaiwa matumizi hayo. Anachopaswa kufanya ni kuacha kuapa kuwa atakumbuka, na badala yake aandike mlangoni, atege kengele ya simu, akubali mwenziwe ashike fedha za karo, na amwendee daktari. Dawa huwafaa wengi, lakini haioshi vyombo wala haiombi radhi.

Si kila asahauye ana ADHD. Usingizi haba, msiba, sonona na maradhi mengineyo huleta dalili kama hizo, na kupambanua ni kazi ya tabibu. Wazee hawatakiwi kuwa matabibu. Wanatakiwa waulize mambo matatu kabla ya kuhukumu: Je, alikuwa hivi tangu utotoni? Je, yuko hivi kazini na msikitini, au nyumbani tu? Je, kusahau huku kunamwumiza na yeye mwenyewe? Mwenye dharau huchagua wa kumdharau; aliyepungukiwa na umakini husahau hata vyake. Talaka hutamkwa kwa pumzi moja. Maswali matatu hayamalizi hata kikombe kimoja cha kahawa.