Broglio alaumiwe kwa lipi?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya besiboli ya Marekani. Najua wasomaji wenzangu wengi hawaufuatilii mchezo huo, lakini ninalolisema ni jambo la haki.

Kila mwaka ligi ya huko inapokwisha, mashabiki hukaa kukisia ni wachezaji gani watabadilishwa. Si kama Simba na Yanga wanavyosajili kwa fedha. Huko klabu hutoa mchezaji ikapewa mchezaji, na mwenyewe mara nyingi haulizwi. Kisio linalopendwa sana ni kwamba timu yenye warushaji wa kutosha itoe mmoja au wawili, ipewe mlinzi wa uwanja wa nje, yaani yule anayekimbilia mipira ya mbali na ambaye pia hutegemewa kupiga. Anayetaka kuonya kwamba hapo kuna hasara hutaja jina moja tu, Broglio, na watu hucheka. Kicheko hicho mimi sikiafiki.

Tarehe 15 Juni 1964 Chicago Cubs walimpeleka Lou Brock, mlinzi wa nje wa miaka 24, kwa St. Louis Cardinals, wakampata mrushaji Ernie Broglio. Wengine wanne walihusika, ila kiini kilikuwa hao wawili. Wengi Chicago walifurahi, na hawakuwa wajinga. Broglio alikuwa ameshinda michezo 21 mwaka 1960 na michezo 18 mwaka 1963. Brock alikuwa akifanikiwa kwa kiasi cha robo tu ya zamu zake za kupiga.

Alipofika St. Louis, Brock alifanikiwa kwa zaidi ya theluthi moja ya zamu zake mpaka mwisho wa msimu, na mwaka huo huo Cardinals wakawashinda New York Yankees na kutwaa ubingwa. Katika maisha yake ya uchezaji aliiba vituo mara 938, rekodi iliyodumu hadi mwaka 1991. Broglio alishinda michezo 7 tu akiwa Chicago, akapoteza 19, na baada ya mwaka 1966 hakuonekana tena katika ligi kuu.

Sasa nauliza, kosa lake ni lipi? Kiwiko kilikuwa kikimsumbua kabla hajabadilishwa, na Novemba ya mwaka ule ule alifanyiwa upasuaji. Hakujipeleka Chicago, alipelekwa. Walioketi mezani walihesabu ushindi wa mwaka uliopita, wakasahau mkono. Mkono wa mrushaji si gunia la mahindi ulipime leo, uliweke ghalani, ulikute vile vile msimu ujao (na hata gunia lenyewe dumuzi huliingia). Nawaona watoto hapa shuleni wakicheza rede. Anayerusha kwa nguvu asubuhi, jioni hana mkono, na hakuna anayemwita mdanganyifu.

Wapo watakaosema kwamba hesabu ndiyo njia pekee ya kujua nani kapata na nani kapunjwa. Basi watazame Desemba 2023. Yankees waliwapa San Diego Padres warushaji wanne pamoja na mdakaji mmoja, wakapokea walinzi wa nje wawili, mkubwa wao Juan Soto. Mwaka 2024 walifika fainali wakafungwa na Los Angeles Dodgers. Desemba ya mwaka huo huo Soto akahamia New York Mets kwa mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 765. Huku nyuma Michael King, mmoja wa warushaji waliotolewa, alikuwa amewashindia Padres michezo 13 mwaka huo. Hapo nani kapunjwa? Watu wanabishana, lakini hakuna aliyeligeuza jina la King wala la Soto kuwa tusi.

Broglio alifariki mwaka 2019, na Brock mwaka 2020. Uzeeni wawili hao walikuwa marafiki. Kwa hiyo nawaomba wanaokisia msimu huu, wakitaka mfano wa mabadilishano mabaya, wawataje waliotia sahihi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.