Shaba tunaipima, takataka tunazikisia

Ukitaja methani hapa Lubumbashi, watu huwaza Kivu. Hawajakosea. Chini ya ziwa lile kuna takriban kilometa za ujazo 60 za gesi hiyo iliyoyeyuka majini. Rwanda inachota sehemu yake na kuzalisha umeme, na upande wetu serikali ilitangaza zabuni ya vitalu 3 vya gesi mwezi Julai 2022. Lakini gesi ya Kivu imelala, maji ya juu yameikalia. Mimi nataka tuzungumzie ile inayotoka kila siku kwenye jalala nyuma ya soko, na hasa ile namba inayoandikwa kwa niaba yetu.

Kazi yangu ni udeklarant, yaani makaratasi ya forodha ya malori ya shaba na kobalti yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Huku kwetu hakuna kinachopita bila mizani. Lori linapimwa likiwa tupu, linapimwa tena likiwa limejaa, tofauti inaandikwa, na pasipo karatasi hiyo dereva atalala barabarani hata awe shemeji yako. Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa ajili ya kilo mia mbili. Kwa hiyo nilipoanza kusoma jinsi nchi zinavyohesabu methani yao, nilichotafuta kwanza ni mizani. Sikuiona.

Kwa upande wa takataka, hesabu huenda hivi: unachukua idadi ya watu, unazidisha kwa kilo ambazo kila mmoja anadhaniwa kutupa kwa siku, unazidisha tena kwa sehemu inayodhaniwa kuoza. Nchi isiyo na vipimo vyake inaruhusiwa na mwongozo wa IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kutumia namba za jumla za kanda yake. Ruhusa hiyo siilaumu, maana bila hiyo nchi nyingi zisingeandika chochote. Shida ni kwamba kwetu hata namba ya kwanza kabisa ni ya kukisia. Sensa yetu ya mwisho ilifanyika Julai 1984, tukiwa kama milioni 30. Leo tunakadiriwa kupita milioni 100. Basi ule mstari wa methani ya takataka za Kongo unaopanda kwenye michoro, ukiutazama kwa makini, ni mstari wa watu wanaodhaniwa kuzaliwa na kuhamia mjini. Haujui kama Kenya (nasema komuni yetu ya Kenya, si ile nchi) walizoa taka mwaka jana au waliziacha.

Halafu, kwenye fomu ya hesabu hiyo, kuna kisanduku cha kina cha jalala. Ganda la muhogo likibaki juu ya lundo jembamba, hewa inalifikia, linaoza na kutoa kaboni dioksidi. Lifukie chini ya takataka nyingi, mvua ya Januari ishuke, hewa ikose njia, na hapo vijidudu vya aina nyingine vinashika zamu. Hivyo ndivyo vinavyotoa methani. Mwongozo unalijua hilo. Jalala lisilosimamiwa lenye kina cha chini ya mita 5 linapewa kizidishi cha 0.4. Likizidi mita 5, kizidishi ni 0.8. Jalala la kisasa, lililoshindiliwa na kufunikwa udongo, linapewa 1. Maana yake ofisa mmoja mezani, akibadilisha alama kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine, anaweza kuongeza methani ya jalala maradufu bila ganda hata moja kuongezeka. Deklarant yeyote anaujua mchezo huu: mzigo ni ule ule, ushuru ni tofauti.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi nikiwaambia. Siku Lubumbashi itakapopata jalala zuri, lenye uzio na tingatinga la kushindilia, methani yetu itapanda, isipokuwa tukitenga mapema vinavyooza au tukiweka mabomba ya kuinasa gesi. Sisemi tubaki na uchafu wetu kwenye mifereji. Kipindupindu hakisubiri mikutano ya tabianchi. Nasema tu kwamba anayechora ramani ya jalala leo anachora pia mstari wa gesi wa miaka 20 ijayo, na afadhali ajue hivyo.

Kilicho ndani ya gunia la taka nimeoneshwa na mama mmoja anayelima mboga kando ya mto Kafubu. Yeye hununua taka za majumbani kutoka kwa vijana wa mikokoteni na kuzigeuza mbolea. Alilimwaga gunia la mwezi wa Agosti juu ya turubai, akalichekecha kwa wavu wa dirisha. Chini ilibaki rundo la kijivu: majivu ya mbabula, lile jiko letu, kwa sababu umeme ukikatwa jiji zima hurudi kwenye makala (makaa), na mchanga mwekundu wa kufagia uani. Juu ya wavu vilibaki vifuko vya plastiki, maganda ya viazi, mabua ya sombe (kisamvu) yasiyojaa hata sufuria. "Papa, ya kiangazi ni majivu na muchanga tu," alisema. "Urudie wakati ya maembe."

Pale mama alinifundisha kuliko jedwali lolote. Majivu hayaozi, mchanga hauozi. Kilo ya taka ya Agosti na kilo ya taka ya Desemba, wakati kokwa za maembe zimejaa hadi mlangoni, si kilo moja kwa gesi. Namba ya jumla ya kanda nzima ya Afrika ya Kati haiwezi kujua hayo. Huenda inatuonea, huenda inatupendelea.

Vyanzo vingine vya methani vipo. Ng'ombe wetu ni wachache: nyanda za Biano zina wafugaji, lakini huwezi kulinganisha Kongo na Tanzania yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30. Mafuta ya Muanda yana miali yake ya gesi. Mimi ningeangalia zaidi makala. Tanuri la makala ni magogo ya miombo yaliyofunikwa udongo yaungue polepole kwa hewa haba, na moto wa namna hiyo hutoa methani pamoja na moshi wake. Kila gunia linaloingia mjini kwa baiskeli limeacha sehemu yake hewani huko porini, na nalo halina mizani.

Kuna pia methani isiyo ya mtu. Mabwawa ya Upemba na Kisale yanatoa mapovu tangu enzi za mababu, na msitu wa maji wa bonde la kati vilevile. Hiyo haiingii kwenye hesabu ya serikali, lakini hewani gesi haina pasipoti. Methani ya dunia ilitulia kidogo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaanza kupanda tena 2007, na mwaka 2020 na 2021 ilipanda kwa kasi isiyowahi kuonekana tangu vipimo vya mfululizo vianze 1983. Wanasayansi wengi wananyoosha kidole, kwa sehemu, kwenye maeneo oevu ya tropiki, ya Afrika yakiwemo. Setilaiti zinatutazama, lakini mawingu ya Kongo ni mazito. Ndiyo maana mnara wa mita 55 uliosimamishwa Yangambi, karibu na Kisangani, ili kupima gesi kati ya msitu na hewa, una thamani kuliko hotuba nyingi.

Tani moja ya methani, kwa kipindi cha miaka 20, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani ya kaboni dioksidi, lakini hudumu hewani kama miaka 12 tu. Kwa hiyo anayeipunguza huona matokeo upesi. Huko Glasgow, Novemba 2021, nchi nyingi, yetu ikiwemo, ziliunga mkono ahadi ya pamoja ya kupunguza methani ya dunia kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikilinganisha na mwaka 2020. Asilimia 30 ya nini, kwa upande wetu? Mwaka 2020 nani alipima?

Najua jibu litakalokuja: waliochafua ni wengine, walipe wao. Nakubali, walipe. Ila mimi naishi kwa ankara, na sijaona mteja anayelipa mzigo usio na uzito. Fedha za tabianchi zinahesabiwa kwa tani. Tukikosa tani zetu, tutaletewa zilizohesabiwa Ulaya, na tutaweka sahihi.

Ninachoomba ni kidogo. Mizani ya malori katika jalala moja la Lubumbashi. Wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya mvua, magunia kadhaa yafunguliwe kila siku, majivu kando, plastiki kando, vinavyooza kando, na kina cha lundo kipimwe kwa kamba. Kitivo cha kilimo cha UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, kina wanafunzi wanaotafuta mada za kazi zao. Fedha zipo: Sheria ya Madini ya 2018 inaipa entite, yaani serikali ya mahali, yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha moja kwa moja, na mizani ya pili, hii ya taka, bei yake ni ndogo mbele ya malori yanayopita hapa kwa siku. Kipimo kirudiwe mwaka unaofuata, siku zile zile. Na daftari likae komuni, nakala ibandikwe ukutani kabla ya nyingine kupelekwa Kinshasa.