Hesabu ya hewa ipimwe na chini ya udongo

Ndugu wachimbaji, na bamama wenye kutungojea nyumbani,

Kila mara tunapouliza kama hewa inatosha chini, jibu ni moja: ordinateri imekwisha kuonyesha kwamba inatosha. Siye watu wa sendika hatukatai ordinateri. Tunataka kujua imehesabu namna gani.

Tuangalie wenye kutengeneza mashine za upepo, zile zenye mapanga marefu ya kutoa umeme, zenye shaba mingi ndani. Wao pia wanahesabu upepo mu ordinateri. Lakini upepo hauendi sawasawa. Unajikunja, unafanya mizunguko mikubwa na midogo sana, na kwa mashine kubwa vile hakuna ordinateri ya kuihesabu yote moja moja. Basi wanatumia modeli, maana yake njia ya kukisia nguvu ya ile mizunguko. Modeli ziko mbalimbali. Ile ya k-epsilon, ya zamani, inakosea mara nyingi pale upepo unapoachana na mgongo wa panga. Ile ya k-omega SST, ya Menter, mwaka 1994, inaona pale vizuri zaidi. Iko ingine yenye kuhesabu mizunguko mikubwa na kukisia paka midogo, lakini inakula siku mingi na pesa mingi.

Mwaka 2000, kule California, Marekani, watu wa NREL waliweka mashine ya upana wa mita 10 ndani ya tuneli ya upepo ya NASA. Wataalamu wa inchi mbalimbali, kila kundi na programu yake, walikisia matokeo mbele ya kuyaona. Hata mu upepo mwepesi, makisio ya nguvu yalitoka asilimia 25 mpaka asilimia 175 ya kile kilichopimwa. Kati ya waliokaribia sana walikuwa watu wa Risø, Denmark, na k-omega SST yao. Lakini ni kipimo ndicho kilichoonyesha nani alisema kweli.

Modeli za namna ile ile ndizo zinazotumika kuhesabu hewa ya mine. Mwisho wa shimo lisilo na mlango wa pili, hewa ya bomba inagonga ukuta, inazunguka, na moshi wa baruti unaweza kubakia mu kona. Modeli ikikosea ile kona, karatasi itasema hewa ni safi, na mtu ataingia.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Watuambie ni modeli gani. Waihesabu tena na modeli ingine, tuone kama jibu linabadilika. Halafu wapime hewa na gazi palepale tunapofanyia kazi, delege wetu akiwapo, na matokeo yabandikwe mbele ya zamu kushuka.

Mapanga ya upepo yakihesabiwa vibaya, umeme unapunguka. Kwetu, kinachopunguka ni pumzi ya baba wa watoto.