"WATOTO WAKO SALAMA, TUNAWAPENDA": MADAM MWENYE SHULE, UMETUCHOSHA SASA!

Wadau, leo hakuna habari ya nani kaachwa wala nani kanunua gari kwa mkopo halafu akasema kahongwa. Leo nina mtu wangu. Jina silitaji, maana ana wanasheria wengi kuliko walimu. Natupa jiwe gizani, atakayesema "yalaa!" ndiye limempata. Na msishangae mkisikia yalaa kumi, shule za aina hii mjini zimejaa.

Tukumbushane kidogo. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake tukaambiwa shule zinafungwa. Vyuo na Kidato cha Sita wakarudi 1 Juni, wengine wote wakarudi 29 Juni. Hapo ndipo Madam alipopata ustaa. Kila siku video Insta: watoto wamepanga foleni, ndoo za maji tiririka zimepakwa rangi za shule, mlinzi anapima joto kwenye paji la uso, na muziki mtamu chini yake. Mastaa wawili watatu wenye watoto pale wakaposti "shule inayojali". Wanasema walipunguziwa ada. Mimi risiti sina, nawaachia wenyewe na nafsi zao. Kiki ikakubali, nafasi zikajaa.

Sina shida na ndoo. Ndoo nzuri, mikono inawe. Shida yangu ni siku ndoo zilipokuwa hazitoshi na Madam akaendelea kutuonyesha ndoo.

Februari 2021. Nyie wenyewe mnaukumbuka ule mwezi, kila ukifungua simu ni picha nyeusi na mshumaa. Dada yangu ana binti wa darasa la tatu pale kwa Madam, miaka 8. Wanaishi na mama yetu mzazi, ana miaka 68, sukari na presha juu. Kwenye grupu la darasa, kila Jumatatu saa 1 asubuhi unaingia ujumbe ule ule kama tangazo la mtandao wa simu: "Wazazi wapendwa, watoto wako salama, tunawapenda." Vikopa vitatu vyekundu, mikono miwili ya kuomba. Basi.

Wiki hiyo mwalimu wa darasa hakuonekana. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa. Mzazi mmoja akauliza kwa heshima zote, "Jamani ticha wetu yuko wapi?" Akajibiwa ana ruhusa ya kifamilia. Huku nyumbani mtoto anasimulia huku anakula wali wake: "Ticha alikuwa anakohoa sana, akakaa chini. Na wenzangu watano hawaji. Na dada wa kwenye basi naye haji."

Mnanielewa? Mtoto wa miaka 8 ndiye aliyekuwa anatoa taarifa ya afya ya shule. Bure kabisa, wakati mama yake analipa ada ya mamilioni.

Dada akapiga simu ofisini. Jibu: "Ni mafua ya msimu tu dada yangu, usiwatie wazazi hofu." Jumatatu ikafika, saa 1 asubuhi, vikopa vitatu.

Alhamisi yake mama akaanza kubanwa kifua. Hospitali wakaandika "changamoto ya upumuaji". Siku 11 kwenye oksijeni. Tukauza kiwanja cha Chanika ambacho baba aliacha.

Sasa nisikilizeni vizuri kabla hamjaanza kunirarua kwenye komenti. Sisemi mama aliupata ugonjwa shuleni. Sina ushahidi huo. Daladala zilikuwepo, misiba ilikuwepo, sokoni alikwenda. Ninachosema ni kwamba tulinyimwa nafasi ya kuamua. Ujumbe mmoja tu, wa mistari miwili, ungemfanya dada ampeleke mama kwa mjomba Kibaha wiki mbili, au mtoto aache kulala kitanda kimoja na bibi yake. Huu ugonjwa unaweza kukaa mwilini mpaka siku 14 kabla ya dalili kutokea, na mtu anaweza kuambukiza hata kabla hajaanza kukohoa. Mtoto mara nyingi unampitia kama mafua ya kawaida, ila mzee mwenye sukari haumpitii hivyo. Siku tisa za kimya si kitu kidogo.

Mama alirudi, Mungu mkubwa. Ila sasa hivi akitoka chumbani kwenda mlangoni anapumzika mara mbili njiani.

Najua majibu ya Madam, maana nimeyasikia yote.

La kwanza: "Hatukutaka kuleta taharuki." Madam, taharuki ilikuwepo. Grupu la pembeni la wazazi, lile ambalo wewe haumo, lilikuwa linawaka mpaka saa 8 usiku. Mmoja kasema ticha kafa, mwingine kasema wamekufa wawili. Ticha wa watu yuko kwao anakunywa uji! Ukinyamaza, watu hawaachi kusema. Wanatunga.

La pili: "Ni siri ya mgonjwa." Sawa kabisa, na mtu asitaje jina la mgonjwa hata siku moja. Ila nani kakuomba jina? Rafiki yangu anaishi Marekani, mwanaye yuko shule ya serikali. Kule shule zinasimamiwa na wilaya za elimu, na sheria yao ya tangu 1974 inakataza shule kumwaga taarifa za mwanafunzi hovyo. Pamoja na sheria hiyo, barua zilikuwa zinafika: mtu mmoja aliyekuwa kwenye jengo hili amekutwa na virusi, siku yake ya mwisho kuwepo ni hii, fanya hivi na hivi. Jina hakuna. New York walikwenda mbali zaidi, wazazi waliambiwa kikomo mapema: maambukizi ya jiji yakifika asilimia 3, majengo yanafungwa. Novemba 2020 yakafika, yakafungwa. Wazazi walikasirika, wakauliza kwa nini migahawa iko wazi na shule zimefungwa, wakaandamana. Sisemi kule ni peponi. Nasema waligombana wakiwa na taarifa mkononi. Sisi tuligombana na vikopa.

La tatu, na hili ndilo analolipenda: "Hata serikali ilikuwa haitoi takwimu." Hapa nampa nusu haki yake. Kweli, hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei 2020 na ikakaa hapo zaidi ya mwaka. Watu waliogopa hata kulitamka jina la ugonjwa, ndiyo maana tukaishia na "changamoto ya upumuaji". Lakini Madam, hakuna aliyekuuliza hesabu ya taifa. Tulikuuliza darasa la tatu. Na neno corona usingelazimika kulitumia! "Mwalimu wa darasa anaumwa, ana homa na kikohozi, watoto watano hawapo, mwenye mzee nyumbani achukue tahadhari." Hapo umevunja sheria gani? Mwezi huo huo wa Januari kwenda Februari, chama chake Maalim Seif kilitoka hadharani kikasema amepata maambukizi. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mtu mwenye mengi ya kupoteza. Alifariki 17 Februari, na watu wote walijua alichokuwa anaumwa. Yeye aliweza, wewe mwenye ghorofa mbili na basi nne unashindwa?

Tuseme ukweli tu. Uliogopa ada za muhula. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila kombe lenyewe lilikuwa na bibi za watu ndani.

Haya, na nyie wazazi msijifiche nyuma yangu mnapiga makofi. Mnajijua. Mtoto anaamka na homa, unampa panadoli saa 11 alfajiri ili akifika getini kipima joto kisome vizuri, wewe uwahi kazini. Halafu jioni uko kwenye grupu unaandika "shule haiko makini". Na yule mama mkweli wa darasa la tano mlimfanya nini? Aliandika mwenyewe kwamba mwanaye ana homa na atabaki nyumbani. Badala ya pole akapokea matusi, mpaka akajitoa kwenye grupu. Baada ya hapo nani mwingine angesema? Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tumemfanya msema maradhi aumbuke kwanza.

Kwa nini naandika? Kwa sababu baadaye mwaka huo tuliingia wimbi lingine na Madam akarudi na video. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alizindua chanjo, akachanja mbele ya kamera, dozi 1,058,400 zilikuwa zimeingia. Madam naye akaposti bega lake, kakunja mkono wa gauni, taa nzuri, tabasamu la kwenye bango. Hongera zake, kweli kabisa, hilo lilikuwa jambo jema. Ila chanjo wakati huo ilikuwa ya wenye miaka 18 kwenda juu. Watoto hawakuwemo. Kwa hiyo darasa la tatu bado walikaa 45 chumba kimoja, na bibi bado alikuwa nyumbani. Jumatatu ikafika, dada akaamka, akafungua simu. Vikopa vitatu.

Tunachotaka si kikubwa, Madam, hata mwandishi wako wa Insta anakiweza kwa dakika tano. Kila wiki utuambie wangapi hawapo kwa ugonjwa, darasa gani na basi gani. Siku ya mwisho mgonjwa kuwepo shuleni. Sisi tufanye nini nyumbani. Walimu wangapi kati ya wangapi wamechanja, kwa hiari yao, bila jina la mtu. Na kama hakuna mgonjwa, andika hakuna, tutakuamini kwa sababu siku alipokuwepo ulisema.

Ada yako huwa unaitaka kwa namba kamili, tena kabla ya tarehe. Hujawahi kupokea vikopa dirishani. Basi na sisi tupe namba.

Haya wadau, shuleni kwa wanenu wanasemaje? Wanatoa taarifa au wanatoa kopa? Dondosheni hapo chini. Ila jamani, jina la mtoto wala la mwalimu wa watu msitaje. Nikiliona nafuta.