Ngano Isiyosimuliwa: Kiswahili na Afya ya Mlaji

Wahenga walilonga kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa anayenyamaza kwa hiari yake. Hata hivyo, yuko mgonjwa asiyeficha lolote, ila hunyamaza kwa kukosa neno la kusemea. Huyu ni yule ambaye mwili wake haupatani na gluteni, yaani protini inayonata iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Akila hata kiasi kidogo, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo mwembamba na kuujeruhi. Hapo hufuata kuhara, kukonda, upungufu wa damu na, kwa watoto, kudumaa. Ugonjwa huo, uitwao siliaki, hauna tiba ila kuepuka nafaka hizo maisha yote.

Wapo wanaodai kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Dai hilo halina mashiko. Ni kweli kuwa aliyebainisha uhusiano wa ngano na ugonjwa huu ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Kisahrawi, Afrika Kaskazini-Magharibi, walikuwa na siliaki, ilhali kiwango cha dunia nzima hukadiriwa kuwa takribani asilimia 1. Maradhi hayaulizi kabila.

Mtu wa aina hii akizaliwa Siongiroi, katika Kaunti ya Bomet, amezaliwa penye neema. Kimyet ya wimbi au ya mahindi haina gluteni. Mursik iliyogandia katika kibuyu haina. Viazi, mboga za kienyeji, nyama na chai ya maziwa pia havina. Hatari huanza anapotoka nyumbani kwenda sokoni, kwa kuwa chai ya sokoni haitembei peke yake: hufuatana na mandazi, chapati au mkate. Hata wimbi lenyewe huenda limesagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano, na unga wa uji unaouzwa ukiwa umechanganywa huenda una ngano ndani yake. Kijana akiuliza, "Mama, uji huu una gluteni?" atajibiwa kwa upole, "La, mwanangu, nimetia sukari tu." Muuzaji hakusema uongo. Ameulizwa kwa lugha asiyoijua.

Tatizo hili huwa zito zaidi mbali na nyumbani. Mwanafunzi huyo akifika Unguja kwa kongamano la Kiswahili, jioni wenzake watamchukua hadi Forodhani, ambako vyakula vyenye asili ya Asia na vya pwani huuzwa usiku mbele ya bahari. Huko majina ya vyakula humpoteza. Sambusa na piza ya Zanzibar hufunikwa kwa unga wa ngano. Urojo, unaoonekana kuwa mchuzi wa embe na manjano tu, huongezewa uzito kwa unga huo huo. Kwa upande mwingine, vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, ingawa neno "mkate" litamtia hofu bure. Bajia za dengu ni salama, mradi zisikaangwe katika karai lililokaanga sambusa. Mishkaki nayo ni nyama tupu, ila ikirowekwa katika sosi ya soya huwa na ngano, kwani sosi hiyo kwa kawaida huchachuliwa kwa soya na ngano pamoja.

Wanaisimu watakimbilia kuunda istilahi. Baadhi watatetea "gluteni", wengine watapendekeza "unato", kwa hoja kuwa neno la asili la Kilatini lina maana ya gundi. Mjadala huo una nafasi yake darasani, lakini hautamwokoa mlaji. Istilahi ambayo muuzaji haijui ni ukimya wa aina nyingine. Kinachomwokoa ni sentensi nyepesi: "Mama, mimi nikila ngano au shayiri naugua. Humu umetia unga gani, na mafuta haya yamekaanga nini?" Swali hilo hujibika Forodhani, Kericho na Siongiroi. Linapaswa pia kujibika kwa Kikipsigis, kwa ajili ya bibi ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayoyahitaji kuhusu bidhaa. Haki hiyo haina maana ikiwa maelezo yenyewe yameandikwa kwa lugha asiyoielewa. Hapa ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vinapaswa kujitokeza: viandae maelezo mafupi ya vyakula vya sokoni, vitaje unga uliomo katika kila kimoja, na kuyafikisha zahanati na shuleni. Kazi hiyo haina fahari ya makala ya isimu, lakini ina uhai wa mtu ndani yake.

Wapenzi wa fasihi huzijua ngano nyingi na kuzisimulia kwa ufasaha. Iliyobaki ni hii iliyomo sahanini, ambayo mlaji akikosa kusimuliwa, mwili wake ndio utakaosimulia.