Dawa ya kuacha meth: 13 kwa 100 ni wachache, lakini walihesabiwa

Jamaa yenye kijana aliyenaswa na madawa ya kulevya iko tayari kulipa yeyote anayesema « nitamponya ». Ndiyo maana wauzaji wa mizizi na vidonge visivyo na jina hawakosi wateja. Nani amewahi kuwauliza wamepona wangapi, na nani aliyewahesabu?

Huko Marekani watafiti walihesabu. Kati ya 2017 na 2019 walichukua watu 403 waliotawaliwa na methamphetamine, dawa inayomfanya mtu akeshe siku kadhaa bila hamu ya chakula. Wamoja walichomwa sindano ya naltrexone kila wiki tatu na kumeza bupropion kila siku. Wengine walipewa sindano na vidonge vitupu, bila kujua. Aliyefaulu ni yule ambaye mikojo yake isiyopungua mitatu, kati ya minne ya mwisho, ilikutwa safi. Matokeo yalitoka Januari 2021: kwa wenye dawa, 13,6 kwa 100, kwa wenye vitupu, 2,5.

Kuna watakaocheka. Wasicheke haraka. Hao 2,5 waliacha bila dawa yoyote, na kwa muuzaji wa mizizi wangekuwa ndio mashahidi wa redioni. Wale waliorudia hakuna anayewaita kushuhudia.

Lakini mtu asikimbie famasi na majina hayo mawili. Naltrexone ikimkuta kijana mwenye tramadol mwilini inamwangusha kwa ugonjwa mkali saa ileile, na bupropion inaweza kuleta degedege. Watafiti hawakupokea watumiaji wa dawa za jamii ya afyuni. Basi kwa kijana wa Kongo anayechanganya kila anachopata, hesabu ile haimhusu bado. Ni kazi ya wizara ya afya na vyuo vikuu vya nchi kuifanya upya hapa, kwa wagonjwa wa hapa.

Tena, kwa ulevi wa aina hii, njia iliyoonyesha nguvu zaidi mpaka sasa si dawa. Ni kumpa mgonjwa zawadi ndogo kila mkojo wake unapokutwa safi. Kituo kinachopokea vijana kinaweza kuanza na sabuni na unga, mradi kipate vipimo vya mkojo na daftari la kuandika kila mmoja, hata aliyerudia.